Kitabu cha Nyota Tulichokigawana

Jumatatu, tarehe 4

Salamu kwako utakayefungua daftari hili. U hali gani? Watoto hawajambo? Na mgongo, umepoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo unachemka. Mke wangu kasema hataki tena kuisikia habari hii, kwa hiyo itabidi uisikie wewe.

Habari yenyewe ni mdogo wangu, muuza rangi. Baba yetu alipofariki aliacha kitabu cha Kiarabu alichokinakili kwa mkono wake: nyota, buruji, miraba ya tarakimu, na dawa za kuondoa nuksi. Karatasi mia. Tukakigawa kwa sheria ya mirathi, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Mimi arobaini za mwanzo, yeye arobaini za katikati, dada yetu ishirini za mwisho, pamoja na jalada kama kifuta jasho. Dada ni mkubwa wetu, mwalimu wa madrasa. Alisema tunamkata baba vipande. Tukamwambia sheria ni sheria.

Matokeo yake, mimi ninazo nuksi na mdogo wangu anazo dawa. Naweza kujua nyota ya Zuhali imemkalia nani. Kumwondolea siwezi. Si kwamba naamini, astaghfirullahi. Nasoma tu.

Leo imekuja barua. Profesa wa hati za kale atafika Ijumaa kukipiga picha. Kikiwa kizima, jina la baba litaingia katika orodha ya chuo chake, lihifadhiwe, na chini yake jina la mtunzaji mmoja. Kikiwa vipande, hakitaki. Mtunzaji ni mimi, mtoto wa kwanza wa kiume. Mdogo wangu anasema ni yeye, eti kibanda changu cha kutengeneza saa kinavuja. Kinavuja pembeni tu.

Jumanne, tarehe 5

Nimepiga hesabu ya abjadi, kila herufi na namba yake, jina la mdogo wangu na jina la mama. Imetoka buruji ya Nge. Nikavaa kanzu safi, nikaingia dukani kwake, nikamsomea ukurasa wa kumi na saba kwa sauti nzito mbele ya wateja. Nikamweleza kwamba kitabu hiki kikilala nyumba ya mtu wa Nge, meno yake yatang'oka moja moja.

Alijishika shavu. Nilimwona. Kisha akamgeukia mteja, akamwomba asubiri kidogo na kopo lake, maana kaka yake amekuja kumuua kwa hesabu. Duka zima likacheka.

Nikapita kwa dada kushtaki. Akaomba aone huo ukurasa. Akasoma kimya, akaniambia taratibu kwamba unahusu siku nzuri za kukata kucha.

Mimi herufi nasoma vizuri, tajwidi yangu haina doa. Maana ndiyo sikufundishwa. Lakini nani kanichekeshea watu? Mdogo wangu. Simsamehe.

Jumatano, tarehe 6

Mpango mpya. Nimeandika karatasi arobaini za bandia: herufi, tarakimu, miraba, chochote kilichonijia. Mdogo wangu naye hajui maana. Nikazilowesha kwenye chai kali, nikazikausha juu ya jiko. Zimezeeka miaka themanini kwa asubuhi moja. Mke wangu ameuliza birika lake liko wapi. Nimemjibu kwamba hili ni jambo la elimu.

Kesho nitazibadilisha na zake. Na kwa kuwa mtu mwenye roho kama ile anaweza kunifanyia mimi vilevile, nimempelekea dada arobaini zangu za kweli anifichie. Yeye ndiye mwaminifu pekee katika ukoo huu. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, tarehe 7

Mdogo wangu alipokwenda kuswali alasiri niliingia dukani kwake. Mimi niliswali baadaye, Mungu anisamehe. Karatasi zilikuwa kwenye droo, chini ya brashi. Nikatoa zake, nikaweka zangu za chai, nikaondoka.

Nyumbani nikazifungua. Zinanuka vanishi. Katikati ya mraba wa nyota ya Mirihi nikaona namba yake ya simu.

Bandia! Nimeibiwa na mtu niliyekwenda kumwibia. Nilirudi dukani, nikamwita mhuni, mla haki, mtoto asiye na haya kwa marehemu. Akaniacha nimalize. Akasema alijua nitakuja, ndiyo maana zile za kweli alizihamisha mapema. Nikamuuliza kazipeleka wapi. Akajibu, kwa mtu pekee mwaminifu katika ukoo huu.

Tukatazamana. Duka likafungwa.

Tulimkuta dada kakaa mkekani na sindano. Zangu arobaini, zake arobaini, ishirini za kwake, zote ndani ya jalada, na uzi umekwisha kupita. Hakusimama. Alisogeza mkasi mbele yetu, akasema, haya wanangu, anayetaka fungu lake akate mwenyewe.

Mwandiko wa baba ulikuwa wazi pale, wino mweusi na mwekundu, safu baada ya safu. Mdogo wangu alijikunja kukohoa. Mimi nilitaka kukata, ila mkasi wenyewe ulikuwa butu.

Ijumaa, tarehe 8

Profesa kaja. Dada kamsomea ukurasa kwa ukurasa, na maana yake. Sisi tulishika shuka jeupe nyuma ya kitabu ili picha zitoke vizuri, mimi upande huu, yeye ule. Profesa aliuliza sisi ni nani. Dada akamjibu, wadogo zangu, wamesaidia sana.

Jina la baba limeandikwa. Chini yake, la dada.

Jumamosi, tarehe 9

Sikulala. Mwenye karatasi ishirini kageuka mwenye mia! Nimemwandikia mdogo wangu, nanukuu hapa ili uone kwamba nina akili zangu:

"Mdogo wangu mpenzi, assalaamu alaykum. Yaliyopita tuyaache. Wewe na mimi tumefanyiwa hila na mwanamke aliyetunyoa bila maji. Tuungane. Jumatatu, akiwa madrasa, wewe utasimama mlangoni kwake, mimi nitaingia dirishani kukichukua kitabu. Dada asipate fununu yoyote. Barua hii nimempa yeye akuletee, kwa kuwa anapita dukani kwako na ndiye tunayemwamini sote. Bahasha nimeifunga kwa gundi. Majibu mpe yeye. Nijibu upesi."