Kuta za Mawe, Sehemu Kumi na Tatu

Jumapili, 18 Februari

Liverpool. Mvua. Kesho soko letu la mwaka linafunguliwa. Wanunuzi mia nne wa televisheni kutoka Ulaya nzima watafungiwa siku nne kwenye ukumbi wa bandarini, kila mmoja na kibanda chake, skrini yake na hedifoni. Shirika letu la umma hutengeneza vipindi ili taifa lielimike. Sisi wa Kitengo cha Biashara huviuza nje ili taifa liendelee kuelimika. Ndivyo hotuba zinavyosema.

Mimi nimepewa Kuta za Mawe. Sehemu kumi na tatu! Wazee wawili wa Cumbria, kule milima ya kaskazini, wanajenga ukuta bila saruji. Hakuna msimulizi wala muziki. Sehemu ya sita mvua inanyesha, wazee wanangoja ikatike. Rupert Kinvig, mwenye meno mazuri na asiye na haya, kapewa tamthilia ya mauaji: maiti saba na mpelelezi mlevi.

Mkuu wetu, Glenys Hargreave, kanivuta pembeni. Kaniambia kwa upole kwamba nisipouza kufikia Alhamisi, nahamishiwa ghala la wanasesere wa vipindi vya watoto, Swindon. Alikuwa anatabasamu, kwa hiyo hakuwa anatania. Miaka ishirini na mbili nauza vipindi, leo niende kufunga wanasesere kwenye maboksi.

Chakula cha kukaribisha wageni: pai ya samaki. Sikuonja. Nilikuwa nawaeleza Wabelgiji habari za mawe, mpaka wakahama meza.

Jumatatu, 19 Februari

Ukumbi nusu mtupu. Pai ya samaki imewalaza wanunuzi wengi hotelini. Waliobaki wanatazama maiti. Nimesimama mlangoni saa sita nzima nikigawa vipande vidogo vya mawe kutoka Cumbria kama zawadi. Mama mmoja wa Kipolandi kanirudishia chake. Kasema mzigo wake umeshajaa.

Jumanne, 20 Februari

Kila asubuhi orodha ya vipindi vilivyotazamwa zaidi hubandikwa karibu na meza ya chai. Vipindi viko mia mbili na kumi na mbili. Kuta za Mawe ni cha mia mbili na kumi na mbili. Juu yake kuna filamu ya dakika mbili ya kumfundisha mnunuzi kuvaa hedifoni.

Rupert kanipiga bega na kusema tusikate tamaa, Swindon kuna hewa safi. Nimecheka naye. Ningemsukumia baharini.

Halafu akili ikafunguka! Mashine haihesabu watu, inahesabu beji. Beji ya kijani ya mnunuzi ikigusishwa kwenye skrini, dakika zinaanza kusoma. Mwenye beji awepo, asiwepo, mashine haijui.

Nikapeleka chai na mkate mkavu chumbani kwa Bwana Jaan Tamm wa Estonia, mgonjwa mahututi, mtu mpole sana. Nikamwambia nitamtunzia beji yake isipotee. Alinishukuru kwa machozi. Saa tano Bwana Tamm alikuwa kibanda cha kumi na nne akitazama Kuta za Mawe, huku yuko hotelini amekumbatia ndoo.

Kwenye lifti nimekutana na Rupert kabeba sinia la mkate mkavu, anawapelekea Wareno. Kumbe naye ana moyo. Nilikuwa namfikiria vibaya.

Jumatano, 21 Februari

Nafasi ya tisa! Nimeisoma mara tatu nikiwa na chai mkononi, mpaka ikapoa. Glenys kainua nyusi zote mbili.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nimegundua kwamba beji moja inafungua hata skrini sita. Kwa hiyo Bwana Tamm leo ametazama vibanda sita kwa wakati mmoja. Maureen, anayegawa chai ukumbini, kaniita.

"Kipenzi, kile kibanda cha kumi na nne hakina mtu, lakini kinaangalia ukuta tangu jana. Nikizime?"

Nikamwomba asiguse kitu, mgeni katoka kidogo tu. Kasema huyo mgeni ana kibofu kibovu.

Mchana Wiebe Postma, Mholanzi anayenunua kuliko wote, kaona orodha akaja mwenyewe kutazama. Dakika nane. Nikamuuliza ameonaje. Mwingereza angesema inavutia sana, akaenda zake. Yeye ni Mholanzi.

"Nimeona jiwe. Halafu nikaona jiwe lingine. Nani anatazama kitu hiki, Desmond?"

Nikamwambia watu wenye utulivu.

Alhamisi, 22 Februari

Wa kwanza. WA KWANZA! Maiti za Rupert nafasi ya tano. Nimemtafuta ukumbi mzima nimpige bega.

Bado hakuna aliyenunua, lakini leo ni leo, nilijua wataniganda kwenye chakula cha kuagana. Nimevaa tai mpya.

Sikujua kwamba mwaka huu kuna tuzo ya mnunuzi aliyetazama kwa bidii kuliko wote. Glenys kapanda jukwaani na bakuli la kioo, akamwita Bwana Tamm. Kainuka, mweupe kama shuka, siku yake ya kwanza nje ya kitanda. Kashukuru. Kisha kasema kwamba tangu Jumapili hajatazama chochote isipokuwa dari ya choo cha hoteli.

Ukumbi ukacheka. Makofi. Walidhani ni mzaha. Maskini Tamm, mtu mkweli, akarudia polepole ili waelewe vizuri. Makofi yakakatika.

Ndipo Postma akauliza kwa sauti kubwa: "Sasa ukuta ulikuwa unatazamwa na nani?"

Nimetoka kupitia jikoni.

Ijumaa, 23 Februari

Glenys kaniita. Nilitegemea polisi. Kanimiminia chai, akanisukumia karatasi. Wanunuzi sitini na mmoja walilazwa na ile pai. Wote sitini na mmoja wametazama vipindi bila kupumzika. Wareno wa Rupert peke yao wana saa mia moja za maiti.

Nikamuuliza kama basi tutafukuzwa wote. Kaniangalia kwa huruma. Takwimu zimeshafika London, kasema, na London imetuma pongezi: haijawahi kuonekana bidii kama hii.

"Desmond, mpenzi, wenzako wameshika nafasi ya tano, ya nane, ya kumi na moja. Nani atauliza habari za wa nane? Wewe umefanya ukuta uwashinde maiti. Na hujauza hata sehemu moja."

Swindon, kuanzia Machi.

Jumatatu, 11 Machi

Swindon. Ghala. Hewa si safi, inanuka plastiki. Sijali. Nimegundua kwamba hapa nako kuna orodha: kila Ijumaa hutangazwa mwanasesere aliyeagizwa zaidi. Nimeshaagiza arobaini kwa majina ya majirani zangu.

Barua imekuja kutoka Tallinn. Eti Bwana Tamm. Eti baada ya aibu ile aliona ni adabu akitazame kweli kipindi alichopewa tuzo kwa ajili yake. Katazama zote kumi na tatu. Sehemu ya sita, wazee wakingoja mvua, alilia. Anataka kuzinunua zote, na anataka kujua kama hao wazee wana ukuta mwingine. Anasema hamjui mtu mwingine wa kumwandikia ila mimi, niliyemletea mkate.

Mkono wa Rupert huo, waziwazi. Hata machozi kayaweka. Sichezewi mara mbili mimi. Nimejibu mstari mmoja kwa anwani hiyo hiyo ya Tallinn, atafute mjinga kwingine, na jibu nimelipeleka posta mwenyewe.