Ghala Katika Simu za Ndugu

Jumatatu, 3 Juni
Simu imegoma tena. Ati imejaa! Muuzaji aliniapia haitajaa maishani. Ile ya zamani ilibeba nyimbo kumi nikashukuru. Hii imemeza mahubiri mia nne na kumi na mawili na maua ya "asubuhi njema" yasiyo idadi, na bado yanaingia. Humo ndimo ilimo sauti ya marehemu Mama, dakika nne, akituombea wanawe mmoja mmoja. Haipo kwingine. Jumapili tunamkumbuka, nami ndiye wa kuwasikilizisha. Wifi, mke wa kaka, kanishauri ninunue diski kama yake, ndogo kama kipande cha sabuni, inabeba ukoo mzima. Nikamwambia asante. Afadhali nimeze sindano za cherehani yangu.

Jumanne, 4 Juni
Mungu hanitupi! Nitume kila kitu kwenye kundi la familia, kisha nifute kwangu. Simu sita za ndugu, ghala sita, bure! Nimetuma hadi kidole kikafa ganzi. Gauni la mteja halijaguswa. Kaka akaandika kwa herufi kubwa kwamba ninawaua. Nikamjibu neno la Mungu haliui.

Jumatano, 5 Juni
Nimefuta. Vyote! Simu nyepesi kama mimi kabla sijaolewa. Miguu imevimba kwa cherehani, moyo umetulia.

Ijumaa, 7 Juni
Ee Mola. Nimemwomba mdogo wangu anirushie sauti ya Mama, kesho kutwa si mbali. Kafuta! Simu yake ilijaa kwa sababu yangu, na alijua Kaka anayo. Kaka kafuta, alijua Shangazi anayo. Shangazi kafuta, alijua mimi ninayo, si ndimi niliyeituma? Nimekaa sakafuni jikoni. Hata nguvu za kulia sina.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemeza sindano. Nimekwenda kwa wifi. Akanimiminia chai kama mgeni wa heshima, ndiyo iliyoniuma zaidi. Kisha akachomeka kile kipande cha sabuni kwenye kompyuta. Mama huyo! Na kikohozi chake kilekile. Wifi akasema aliihifadhi dakika ileile nilipoituma, maana mimi ananijua. Tukalia sote wawili. Ila akaiacha iende hadi mwisho, pale ninaporuka siku zote: "Na huyu binti yangu fundi cherehani, ee Mola, mpunguzie ujanja."

Jumapili, 9 Juni
Tumemkumbuka Mama. Pale penye ujanja wamecheka wote, hadi mchungaji. Wifi kanirudishia sauti, na mahubiri yote juu yake. Akanisihi nikanunue diski kesho asubuhi. Ya nini? Simu imejaa tena, sawa. Lakini nimeshafungua kundi jipya, la wateja wangu wa nguo. Watu arobaini na watatu! Mahubiri yameanza kwenda. Mama aliniombea vizuri, Mungu amrehemu, ila huu si ujanja. Huu ni uhifadhi.