Wingu Juu ya Namba ya Simu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeacha rasmi kujaza pamba kwenye mito. Sasa mimi ni mbunifu! Dada hajui bado.

Ilianza asubuhi. Dada yuko kwenye cherehani, mimi niko sakafuni nachambua pamba. Jua likaingia dirishani. Kipande cha pamba kikapanda polepole mpaka usawa wa macho yangu, kikakaa hewani, hakina haraka ya kwenda popote. Nikakitazama. Nikakitazama tena. Dada akauliza kama siku hizi kutazama nako ni kazi. Hana dogo, dada yangu.

Kisha akatoa habari. Matroni wa bweni jipya la wasichana anatafuta wa kumtengenezea mito, ya bweni zima. Alhamisi atafungua tovuti yetu, atafungua na ya Bwana Sponji wa ng'ambo ya barabara, halafu atachagua. Tovuti yetu! Ukurasa wa mwanzo ni mweupe, una maneno "Tunajiandaa" tangu enzi za marehemu baba. Dada akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kazi hii ikienda kwa Sponji, na yeye anaenda. Sponji ameshamwandalia kiti na cherehani mpya. Duka la baba basi.

Nikacheka. Nikaona yeye hacheki. Huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nitabaki na nani humu, magunia? Nikamwambia ukurasa aniachie mimi. Akashusha pumzi ndefu sana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kwa Kipanya, yule dada mfupi anayetengeneza tovuti chumba cha juu ya kinyozi. Nikamweleza ndoto yangu. Mbingu! Mbingu ya buluu, mawingu ya pamba yanapita taratibu, hakuna maneno. Mgeni apumue.

Kipanya akauliza mgeni atajuaje kwamba tunauza mito. Nikasema atahisi. Akajikuna kichwa. Akaeleza kwamba ukurasa wa mwanzo ni mlango wa duka: mtu akisimama pale ajue kinachouzwa, kinauzwa wapi, na ampigie nani, kabla hajameza mate. Yeye anataka picha ya mto, sentensi moja, na namba ya simu juu kabisa. Yaleyale ya Sponji! Ukurasa wa Sponji ni mwekundu mwanzo mwisho, na namba yake imekutolea macho. Ukiufungua unaruka kidogo.

Tumevutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikalegeza: namba iwepo, ila chini ya wingu. Wingu likipita, namba inaonekana. Akauliza litapita baada ya muda gani. Nikamjibu kwamba wingu haliharakishwi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Umekamilika! Nimeufungua kwenye simu ya duka, nikajilaza juu ya gunia la pamba kuukagua. Buluu tupu. Wingu moja. Jingine. Nikamwona baba anapita juu ya mojawapo, sindano mdomoni, futi ya kupimia shingoni. Akaniambia jambo. Sikulisikia, maana Dada alikuwa ananitikisa bega.

Akaichukua simu, akauliza namba iko wapi. Nikamwambia asubiri. Akasubiri. Akakaa kwenye gunia, karibu nami. Ndita zikamtoka usoni moja moja, kichwa kikamwinama upande, na kwa kitambo alikuwa yule dada wa zamani aliyekuwa akinisimulia hadithi mpaka analala yeye. Nilifurahi mno, nikajikaza nisisogee.

Kisha akastuka, akasimama. Akasema ni pazuri, lakini matroni hanunui mawingu. Katika maneno yake nimechukua ile nusu ya kwanza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Simu kimya tangu asubuhi. Kwa Sponji inalia, naisikia hadi huku. Nimemwambia Dada kwamba watu wa maana huwa hawapigi ovyo.

Alasiri matroni akatokea barabarani, mwenyewe! Shingo imepinda upande mmoja, shavuni ana alama za vitufe vya kompyuta. Nikasimama, nikajipangusa pamba, nikafungua mlango.

Akaingia kwa Sponji.

Dada akaacha kushona. Akainuka. Nikajua imekwisha, anakwenda kukalia kile kiti. Nilitaka kumwambia asiniache. Akabeba mto aliokuwa ameumaliza, akavuka barabara. Nikajificha nyuma ya magunia. Kisha nikachungulia. Kwenye dirisha la Sponji nikamwona matroni amekaa juu ya godoro gumu, na Dada anamwekea mto wetu nyuma ya shingo. Matroni akafumba macho. Sponji anarusha mikono, anaeleza, na hakuna anayemsikiliza.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kazi ni yetu! Nimemkumbatia Dada. Amekubali kukumbatiwa, kwa muda mfupi.

Kumbe jana matroni aliukodolea macho ukurasa wangu akisubiri wingu lipite, usingizi ukamchukua mezani, akakikosa kikao cha walimu, akaamka shingo haigeuki. Namba aliyoikumbuka ni ile nyekundu tu. Sasa ametoa masharti. Atazungumza na Dada peke yake. Na ukurasa urekebishwe, kwa sababu mwenzake, mlezi wa bweni la wavulana, ataufungua Jumatatu. Dada amesema akimpata na huyo, duka limesimama, na Sponji akikalie kiti chake mwenyewe. Mpaka hapo, Dada hampi Sponji jibu.

Amekwenda kwa Kipanya bila mimi. Wamecheka kule juu, nimewasikia. Sasa kuna picha ya mto, "Tunashona mito ya pamba", mtaa wetu, namba. Basi! Simu imelia mchana kutwa. Nimerudi sakafuni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Jumapili nzima nimetazama dari, nikaona ukweli. Bila wingu langu, matroni asingelala. Asingelala, shingo isingepinda. Shingo isingepinda, mto wetu angeuonea wapi? Ni mimi niliyeleta kazi!

Kwa hiyo asubuhi nimewahi kwa Kipanya, nikamwambia nimetumwa na Dada. Aongeze mwezi wa angani, mmoja tu. Mdogo. Uelee juu ya namba, bila papara. Kipanya akauliza mara mbili kama kweli nimetumwa. Sikupepesa.

Tangu hapo simu haijalia hata mara moja. Utulivu ulioje! Nawaona wateja wetu, kila mmoja simu mkononi, wanautazama mwezi. Na mlezi wa wavulana yumo katikati yao, kidevu kifuani.

Dada ameacha kushona. Ameishika simu, anaitazama. Sasa anatazama ng'ambo ya barabara. Sasa ananiita, kwa jina langu kamili, lile la shuleni.

Bila shaka ni pongezi.