Godoro Langu Halina Hatia

Jumatatu, 3 Machi
Nimejikuna tangu asubuhi. Wenzangu wa masjala wamehamisha viti. Shingo imekuwa msasa. Daktari wa ngozi anasema ni mzio wa utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, vimejaa godoroni. Nifue mashuka kwa maji ya moto na godoro nilitupe. Nimelilalia miaka kumi na tisa, halijanikosea. Mimi namshuku shemeji, kaka wa mke wangu. Seremala. Tangu ahamie chumba cha pili, nyumba nzima inanuka mbao.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza mke wangu. Akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kisha akahamia kochini.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Hawapo wote wawili, nimebadilisha magodoro. Shemeji asipojikuna, langu halina hatia, na chanzo ni yeye. Mgongo hoi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala kama mtoto mchanga. Shemeji anajikuna kwa rula. Anajifanya, bila shaka.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Mke wangu kamwonea huruma kaka yake, kaenda kumwanikia godoro. Akalivua foronya.

"Hii ramani ya jasho naijua," akasema. "Umemlaza kaka yangu kwenye uchafu wako?"

Nilisema nilikuwa nafanya utafiti. Hakucheka. Nilitegemea shemeji atanitukana, nikajiandaa. Yeye akanitazama tu, mikono imejaa vipele, akasema, "Shemeji, ungeniomba ningekupa." Sikupata pa kuweka uso. Tukalibeba pamoja hadi jalalani, kila mmoja na ncha yake.

Jumatatu, 10 Machi
Nalala mkekani. Nimehukumiwa kufua mashuka ya nyumba nzima kwa maji ya moto, pamoja na mapazia. Vidole vimeiva.

Jumamosi, 22 Machi
Ngozi safi. Ya shemeji pia. Mke wangu amerudi chumbani, ananiita kwa sauti ya zamani. Daktari atajisifu bure. Ngozi ilichoka tu, ikapumzika.

Jirani wa mkono wa kulia anatupa zulia. Zito, manyoya marefu kama ya kondoo, umri wake haujulikani. Anasema linawawasha wanawe. Watu hawajui thamani ya vitu. Nimelibeba mwenyewe begani. Limeenea chumbani ukuta hadi ukuta. Mke wangu akirudi atafurahi.