Mshipi wa Changu Ziwani Chato

Jumatatu, 9 Juni
Nimerudi Buseresere kutoka Isaka na boksi. Ndani: mishipi minne minene, ndoana fupi ngumu kama kucha za jogoo, na chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamisha mshipi. Vifaa vya kuvulia changu, samaki wa miamba ya baharini. Vya pwani, vya uhakika. Nimevipata kwa Adam, dereva wa lori, Mzaramo wa Kunduchi, nikampa sururu na tochi tatu za kichwani kutoka dukani kwangu. Tochi ni zile walizorudisha wachimbaji. Hesabu iko upande wangu.

Sababu ya yote: Jumapili wazazi wa mchumba wa binti yangu Loveness wanakuja kutoka Biharamulo kujitambulisha. Nilishatamka kwenye kikao cha ukoo kwamba watakula samaki niliyemvua mwenyewe. Ilibidi. Jirani yangu Eustace, mwenye mitumbwi sita kule Chato, alikuwa amesimama kusema samaki ataleta yeye, maana Baba Loveness ni mtu wa mashimo. Mtu wa mashimo! Nyumba, duka, karo ya Loveness, vyote vimetoka shimoni, kwenye dhahabu. Halafu wakwe waje kula samaki wa Eustace chini ya bati langu?

Adam alinitazama nikifunga boksi, akasema, mtani, mshipi huu ni wa kwenye mwamba wa bahari, ziwa lenu chini ni tope, chubwi itazama kama jembe. Itoe, weka minyoo, vua pembeni ya matete, utapata sato.

Nimecheka njia nzima. Wazaramo ni watani wetu Wasukuma tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Mtani akikuelekeza kulia, wewe pita kushoto. Adam huyu huyu alikuja kwenye msiba wa baba yangu mdogo, akajilaza kaburini kabla ya marehemu na kudai aletewe mto.

Jumanne, 10 Juni
Maandalizi. Mshipi wa changu una chubwi moja mwishoni, na juu yake ndoana mbili kwenye vitawi vifupi. Adam kasema nitoe chubwi. Kwa hiyo nimefunga tatu. Na ndoana nimeweka nane. Dhahabu haikai juu, na sangara mkubwa hana sababu ya kukaa juu.

Pia nimelaza chambo kwenye chumvi ya mawe. Vifaa vimezoea maji ya chumvi, visishtuke. Mama Loveness akauliza kama samaki wa Chato hawana presha. Nikamweleza kitaalamu kwamba samaki akionja chumvi atashikwa na kiu, atapanua mdomo. Akauliza samaki mwenye kiu anakosa nini. Huyu mwanamke hana subira na mawazo mapya.

Alhamisi, 12 Juni
Chato. Nimekodi mtumbwi wa Mwigulu, kijana mwenye heshima. Shikamoo yake ilikuwa nzuri. Baada ya hapo akaharibu. Alipoona chubwi tatu akasema, mzee, tukae kwenye matete, huko kilindini kuna nyavu za watu. Matete tena. Nikajua Eustace kamfikia. Nikaamuru kilindini.

Nikashusha. Mshipi ukaenda, ukaenda, ukasimama. Nikavuta. Ukagoma. Nikamwambia Mwigulu huyo ni sangara mzee. Mwigulu akasema hilo ni tope. Nikasema tope halirudishi mkono. Tukavuta wote wawili, mtumbwi ukalala ubavu, kiganja kikachanika. Kikapanda juu kitu kikubwa, cheupe, kirefu.

Wavu wa Eustace.

Ndoana za changu zimetengenezwa kushinda meno ya changu. Zote nane zilishika nyuzi za wavu, hakuna iliyoachia. Ubora huo sijauona maishani. Wavu umechanika katikati, na ndani yake sangara watano. Nikamwonyesha Mwigulu kwamba, kwa haki kabisa, samaki wamepanda na mshipi wangu. Mwigulu akatazama mawingu.

Ijumaa, 13 Juni
Kesi mwaloni, mitumbwi inapopakulia, mbele ya samaki na wanunuzi wa samaki. Mwenyekiti wa mwalo, Mama Agnetha, akaniuliza samaki walikuwa ndani ya nini. Nikasema ndani ya maji. Watu wakacheka kama wamelipwa. Hukumu: samaki ni wa Eustace, na wavu niuzibe kwa mkono wangu. Nimekaa juani na sindano hadi jioni. Mtu mwenye duka.

Kibaya zaidi, Eustace hakukasirika. Alisema ujirani ni ujirani, Jumapili atawaleta sangara wale wale nyumbani. Nikakataa. Akampigia simu mke wangu. Mke akakubali kabla sijamaliza kukataa.

Jumapili, 15 Juni
Wageni wamefika. Samaki walikuwa watamu, inaniuma kuandika.

Baba wa mchumba akanawa, akauliza ni mkono gani uliovua samaki wa namna hii. Eustace akanitazama. Nikatazama ugali. Ndipo Loveness, aliyekuwa ameshika birika la maji, akasema kwa upole: baba ndiye aliyewavuta juu.

Kila neno kweli. Mtoto huyu karo yake haikupotea.

Ningenyamaza hapo. Lakini mzee akataka kujua nilivuta kwa kifaa gani, nami nikaenda kuleta boksi. Alipoona chubwi tatu akauliza kama tulikuwa tunavua au tunatia nanga. Eustace akasimulia yaliyobaki, na sauti yangu akaiigiza. Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya mkewe. Akasema nyumba yenye kichekesho namna hii hawezi kuiacha. Harusi ni Desemba.

Loveness anaimba jikoni. Hilo sina neno nalo. Ila mwenyekiti wa kamati ya harusi kachaguliwa Eustace. Aliyempendekeza ni mke wangu.

Jumatatu, 16 Juni
Nimekaa nikatafakari kosa. Nimelipata. Adam alisema kweli tupu na mimi nikaita utani. Tope, chubwi, matete, yote kweli. Basi, kuanzia leo neno la Adam naliamini lote bila kupunguza.

Nimempigia simu, nikamwomba ushauri wa Desemba. Akasema, mtani, kwa nini usifuge changu hapo hapo Buseresere? Chimba bwawa, mimina chumvi magunia kumi, vifaranga nitakuletea kwenye lori. Ila wakipandishwa bara huwa wapweke, inabidi kuwaimbia jioni, Kizaramo.

Eustace hana changu. Chato nzima haina. Na kuchimba ndiyo kazi yangu.

Nimeshafika kiunoni. Mama Loveness amepita mara mbili bila kuuliza, nadhani ameanza kuelewa. Jioni Adam ananipigia anifundishe wimbo wa kwanza.