Zizi Bila Ng'ombe

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nimeanza. Nyumba! Tangu utotoni nimeishi katika nyumba zilizochorwa na watu wengine. Hii nitaichora mwenyewe. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote, na mkono haujasahau rula. Kufikia chakula cha mchana nyumba ya mama yangu ya Bukcheong ilikuwa mezani, kamili. Jiko katikati. Sakafu ya moto imeungana na jiko bila ukuta, na moshi unapita chini yake. Upande wa pili wa jiko, zizi la ng'ombe. Ndani ya nyumba, ndiyo. Baridi ya kwetu kaskazini haikuwa na mzaha na mtu wala mnyama.

Tae-hun, mwanangu, amepiga simu. Anasema kama kibali cha ujenzi hakijatoka kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, kiwanja tunamkodishia jirani yetu Tak, mwenye mgahawa, awe anaegesha magari ya wateja wake, nami nahamia kwa Tae-hun mwenyewe, ghorofa ya kumi na saba. Baba, eti, huu si umri wa kujenga. Nimekubali papo hapo. Sikukuu ni katikati ya mwezi ujao. Kibali kitatoka wiki hii. Namhurumia. Ameshanunua godoro langu.

Jumatano, 7 Agosti

Sheria inataka ramani ichorwe na msanifu majengo. Udhia mdogo. Nimempata Bi Pyo, binti mwenye miwani mikubwa na ofisi juu ya duka la viatu. Aliigeuza ramani yangu kulia, akaigeuza kushoto, akauliza friji itakaa wapi. Friji! Nikamwambia Bukcheong nzima ilikuwa friji.

Kisha akaweka kidole penyewe. Mwalimu, hiki nini? Zizi. Ng'ombe wako wangapi? Hakuna ng'ombe. Sasa kwa nini tuandike zizi? Kwa sababu ni zizi, binti yangu. Bahari huandikwa bahari hata kama leo hukuvua samaki.

Alifunga kalamu yake. Nadhani nilimvutia. Ameshauri tuandike "stoo". Nimekataa. Sikufundisha watoto miaka yote ile kuandika majina sahihi kwenye ramani ili nije niseme uongo kwenye ramani yangu mwenyewe.

Jumanne, 13 Agosti

Manispaa. Afisa wa vibali anaitwa Bwana Gil: mpole, shingo nyembamba, feni ndogo mezani. Kasoro mbili tu! Kwanza, mtaa wetu ni wa makazi na mifugo hairuhusiwi, kwa hiyo zizi haliwezekani. Pili, kila nyumba mpya lazima iwe na mahali pa kuegesha gari, na yangu haina. Nikamweleza kwamba sina gari, sijawahi kuwa nalo, wala sijui kuendesha. Akasema sheria haiulizi hayo. Nikasema na ng'ombe pia sina. Akasema hilo sheria inaliuliza.

Nyuma yangu kwenye foleni nani? Tak Un-bong! Jirani yangu wa upande wa kaskazini, mtu wa mkoa wa Pyongan, naye mkimbizi wa kule juu, anayeuza tambi baridi zisizo na ladha na kujivunia kwamba ndizo za asili. Alikuja kuhusu bango la mgahawa wake, akasikia yote. Alitoka na tabasamu pana kama sinia. Mzee mwenzangu, aliniambia mlangoni, ng'ombe wako wakifika uniambie mapema, niwaandalie meza.

Haidhuru. Mkono mtupu haulambwi. Nina mpango.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango umekamilika. Mtungi wa samaki bapa waliochachushwa kwa mawele na pilipili, kwa mkono wangu, kama alivyofanya mama. Hakuna afisa aliyewahi kuzaliwa wa kuukataa. Nimeufunga kifuniko kwa utepe wa plastiki, mizunguko mingi, harufu isimtangulie mgeni. Nimeuacha mezani kwa Bwana Gil saa za kufunga ofisi, yeye hayupo. Kesho ni sikukuu ya Ukombozi. Atauona keshokutwa na moyo wake utalainika.

Joto kali leo. Zuri kwa samaki.

Ijumaa, 16 Agosti

Mtungi umepasuka.

Inaonekana ulipasuka jana, ofisi ikiwa imefungwa na madirisha pia. Bi Pyo amenipigia simu, sauti yake kama ya mtu aliyefiwa. Maombi yote yaliyokuwa juu ya meza yamelowa, mawele yamefika hadi kwenye feni, na asubuhi Bwana Gil alipoiwasha akayapata yote usoni. Mwalimu, akasema, siku hizi ukimpa afisa zawadi unamtia matatani. Kisheria inabidi akurudishie.

Na kweli! Saa tisa mtu wa vifurushi ameleta boksi: vigae vya mtungi, kipande kimoja cha samaki ndani ya mfuko, na kijikaratasi cha adabu kinachosema ofisi inashukuru lakini haiwezi kupokea. Nimemwonja samaki. Amechacha vizuri sana. Wamekosa wao.

Jumatatu, 19 Agosti

Tak amepeleka malalamiko manispaa! Amezunguka mtaa mzima kukusanya saini dhidi ya ng'ombe wangu. Kwa mwuza mboga nimeambiwa ni wawili. Kwa kinyozi, sita. Mama mmoja amenisimamisha barabarani akaniuliza, kwa heshima zote, kama maziwa yatapatikana asubuhi na mapema.

Nimejibu mapigo. Saa sita nimeingia mgahawani kwa Tak kukiwa kumejaa watu, nikaagiza bakuli la zile tambi zake za heshima. Alipoliweka mezani nikaomba siki. Akaleta. Nikaomba pilipili. Akaleta. Nikaomba mkasi.

Ukumbi wote ukaweka vijiti chini. Kuzikata kwa mkasi tambi za Pyongan ni sawa na kumnyoa mtu ndevu hadharani. Nilizikata polepole, pande nne. Tak akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa Hamgyong, yaani sisi wa Bukcheong, hula kama walivyolala, pamoja na ng'ombe. Nikasema supu yake ningeijua ni supu kama angenitangulizia taarifa.

Ushindi mkubwa.

Jumanne, 20 Agosti

Kwa kalenda ya mwezi mwandamo pia leo ni tarehe ishirini: siku isiyo na pepo wabaya, nzuri kwa kuanza jambo. Hivyo nimefanya sadaka ya kiwanja, kibali kikiwa njiani. Meza katikati ya magugu, pombe ya mchele, keki ya maharagwe mekundu, na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, kinachotabasamu. Nimesujudu mara tatu. Ardhi ilipendezwa, niliona.

Niliposimama, Bwana Gil alikuwa ukingoni mwa kiwanja. Amekuja kukagua malalamiko ya mifugo! Alitazama kichwa. Kichwa kikamtazama. Akauliza kama ujenzi umeanza bila kibali. Nikasema hapana, huyu ni nguruwe wa dua tu. Akaandika kitu. Tak, juu ya ngazi akijifanya anasafisha bango, akapaza sauti: "Bwana afisa! Andika na nguruwe! Alianza na ng'ombe, leo nguruwe, kesho utakuta ngamia!"

Nilimkaribisha Bwana Gil kipande cha sikio. Akarudi nyuma haraka mno kwa mtu wa umri wake. Bado ananuka samaki kidogo, masikini.

Hata hivyo ni jambo jema kwamba amekiona kiwanja mwenyewe.

Jumanne, 27 Agosti

Maombi yamekataliwa rasmi. Tae-hun ametuma picha ya chumba changu kule ghorofani: godoro, taa, na dirisha linalotazama ghorofa nyingine. Amesema kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi, kwamba nimejitahidi.

Nimekwenda kwa Bi Pyo kumweleza jinsi ya kukata rufaa. Hakunisikiliza, alikuwa ameikunjua ramani. Akauliza swali la kitaalamu, nami nikamjibu kitaalamu. Mwalimu, kwa nini umeliweka zizi mbele, kando ya lango? Lingekaa nyuma tungelificha.

Nikamweleza. Ile Desemba ya vita, nikiwa na miaka minane, tulipanda meli ya wakimbizi kuja huku kusini, mimi na mama. Baba alibaki kumlisha ng'ombe. Alisema baada ya siku tatu atakuwa nyuma yetu, pamoja na ng'ombe. Sasa mtu anayetoka mbali na ng'ombe wake, amechoka, huwezi kumpitisha sebuleni na kwato zile. Lazima atoke barabarani aingie zizini moja kwa moja, amfunge, ndipo avue viatu apande kwenye sakafu ya moto. Ndiyo maana liko kando ya lango. Ni suala la mpangilio tu.

Bi Pyo alivua miwani akaifuta muda mrefu. Zile lenzi hazikuwa chafu kiasi hicho.

Kisha akasema, Mwalimu, nisikilize. Kitu kinachotoka barabarani, kinaingia moja kwa moja, kinalala humo usiku na asubuhi kinatoka. Sheria haikikatazi. Inakidai! Upana wa zizi lako ni ule ule unaotakiwa. Kinaitwa gari.

Nikasimama. Nikazunguka meza. Nikamwambia kwamba hilo ndilo lililokuwa wazo langu tangu mwanzo na nilikuwa nasubiri alione mwenyewe. Ukutani itabaki pete ya chuma ya kufungia kamba. Bi Pyo ameiandika "pete". Sheria haina neno na pete.

Jumatatu, 2 Septemba

Bwana Gil amesema ramani sasa ni safi. Imebaki malalamiko ya jirani. Tak asipoyafuta, faili halitembei. Chuseok inakaribia.

Nimekwenda kwa Tak, kichwa juu, saa ambayo mgahawa hauna watu. Nikamweleza kwamba hapatakuwa na ng'ombe bali maegesho. Akauliza maegesho ya gari la nani, maana mimi hata baiskeli hunishinda. Swali la kijanja. Nikafikiri haraka nikasema: lako.

Maana gari lake dogo la kusambaza tambi hulala barabarani na kila mwezi linapigwa faini. Tak aliweka kitambaa chini. Akakaa. Akanimiminia ule mchuzi wa moto wa maji ya tambi. Kwetu Pyongan, akasema, ng'ombe alikuwa na banda lake nje, kama ilivyo kwa watu waliostaarabika. Nyinyi kweli mlilala naye? Nikamjibu tulilala tukimsikia anatafuna, na hakuna saa wala redio iliyowahi kunilaza vile tena.

Akaniongezea mchuzi. Halafu akauliza ng'ombe wetu aliitwaje. Nureong, nikasema, kwa sababu alikuwa wa manjano. Tak akacheka hadi akakohoa. "Na wetu, bwana! Na wetu!" Kisha akafuta macho kwa kile kitambaa cha meza, na akasema mpishi ameweka pilipili nyingi mno jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Atayafuta malalamiko kesho. Nimemshinda kabisa.

Jumanne, 10 Septemba

KIBALI! Muhuri mwekundu, saini ya Bwana Gil, zizi langu likiitwa maegesho kwa maandishi madogo yasiyoumiza macho. Nimempigia Tae-hun. Akasema hongera, Baba, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Akauliza afanye nini na godoro. Nimemwambia alilalie.

Jioni nimechukua chokaa nikaichora nyumba nzima juu ya kiwanja, kwa ukubwa wake halisi. Jiko, sakafu ya moto, zizi. Tak alikuja na gari lake akaliegesha humo humo ndani ya mistari, taratibu, kama anaegesha ndani ya nyumba ya vioo.

Ijumaa, 13 Septemba

Chuseok. Tumefanya ibada ya wazee ndani ya nyumba ya chokaa, meza ikielekea kaskazini. Tae-hun alikuja akanyoosha njia akakanyaga ukuta. Nikamrudisha apite mlangoni. Alirudi, akavua viatu kwenye kizingiti kisichokuwepo, akaingia. Mtoto mzuri. Tulimmiminia baba pombe. Mahali pake nimepaacha upande wa zizi, karibu na joto.

Tak alileta bakuli mbili za tambi. Nilikula zote mbili, kwa adabu tu. Mkasi haukutajwa.

Tulipomaliza nikachungulia zizini. Gari la Tak ni jembamba kuliko nilivyodhani. Kando yake, chini ya mahali pa pete, panabaki nafasi nzuri tu. Nimepitia kanuni zote kwa miwani ya kusomea: zinataja ng'ombe, nguruwe, kuku. Ndama hakutajwa popote! Nimeshaongea na mfugaji wa milimani. Anaye mmoja, wa manjano. Sijamwambia Bi Pyo. Atapenda ashtukizwe.

Na kwa kuwa mtu hasahau fadhila, juzi, kabla ya ofisi kufungwa kwa sikukuu, nilimwachia mlinzi wa manispaa mtungi mwingine wa samaki auweke mezani kwa Bwana Gil. Wanafungua Jumatatu, utakuwa umechacha sawasawa. Nimejifunza kutokana na kosa la utepe.

Safari hii nimefunga kifuniko kwa waya.