Kadibodi ya Mlimani

Wako watu wanaoamka asubuhi wakatoka kutafuta kazi, na yuko Kipimo, ambaye kazi ilimfuata mwenyewe ikipanda mlima huku inatoa moshi.

Alikaa juu kabisa, pale barabara inapopinda mbele ya duka la matairi, kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya gari. Ofisi yake ilikuwa kiti hicho na bisibisi ndefu. Chini ya mlima rafiki yake Povu aliosha magari. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa heshima kabisa: mwenye gari akiwa kivulini na soda yake, Povu alipenyeza kadibodi mbele ya rejeta. Gari linaondoka linang'aa, upepo haupiti, injini inachemka, na kabla ya kufika juu mshale wa joto umeshalala upande mwekundu. Hapo Kipimo husimama, akajipangusa suruali, akavaa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

Siku hiyo aliona kutoka juu gari kubwa la kijivu likiingia kwa Povu, na mate yakamjaa. Jumamosi alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Baba wa mchumba, mzee mwenye ulimi wa msasa, alishasema mbele ya watu kwamba binti yake hataolewa na mtu anayeendesha kibweta chenye magurudumu. Kigari chekundu cha Kipimo kilikuwa kizima, hakijawahi kumlaza njiani. Lakini tuseme ukweli, ukikitazama kwa ubavu, ni kibweta.

Akampigia Povu. "Hilo la kijivu. Liwekee."

"Mwenyewe ni mama mtu mzima," Povu akasema.

"Kwani nimeuliza umri? Liwekee."

Haukupita muda, gari likapanda likihema, moshi mweupe nyuma, mvuke mbele, likajisimamisha lenyewe karibu na miguu yake. Akashuka mama mwenye miwani na mkoba wa kwapani.

"Mwanangu, hili gari limenichoka au mimi ndiye nimelichoka?"

"Pole, mama. Usiguse kitu. Fungua boneti, unisubiri kidogo."

Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Mafundi wa kweli husikiliza hivyo pia, tofauti ni kwamba wao husikia kitu. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Povu. Akaikata. Mtu hawezi kupokea simu katikati ya upasuaji.

Hata rejeta hakuitazama. Aitazame ya nini? Ugonjwa alikuwa ameuagiza mwenyewe.

"Mama," akasema kwa sauti ya msibani, "gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Kichwa chenyewe kimepinda. Maji yanaingia kwenye oili. Hii injini imekufa, sisi tunasubiri kuizika tu."

Mama akavua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Hebu rudia taratibu mbele ya simu hii. Binti yangu ataniuliza, na mimi haya majina ya vyuma siyawezi."

Kipimo akarudia yote, akaongeza na kikohozi cha kitaalamu.

"Sasa nitafika vipi nyumbani?"

"Hapo ndipo huruma inaponiponza." Akaelekeza kidole kwenye kigari chekundu. "Chukua hicho changu, kizima. Mimi nibaki na hili, chuma chakavu, nitalikata vipuri. Tubadilishane kadi, yaishe."

"Utapata hasara, mwanangu."

"Mama, mimi nimezaliwa hivi."

"Na umesikia mwenyewe ulichosema? Imekufa?"

"Imekufa kabisa."

"Haya. Mimi nisije nikaonekana nimekuonea."

Kadi zikabadilishana mikono mbele ya muuza matairi. Mama akaingia kwenye kigari, akasogeza kiti mbele, akawasha. Kikaitika mara moja.

"Nyuma kuna madumu ya maji," akasema dirishani. "Nakuachia."

"Ya nini, mama?"

"Ya kumwagilia maua." Akaondoka polepole, akawasha taa ya kukata kona vizuri kabisa.

Kipimo akasubiri kigari kipotee. Akainama mbele ya gari lake jipya, akapeleka mkono kuitoa kadibodi. Vidole vikagusa rejeta. Akapapasa kushoto. Rejeta. Akapapasa kulia, akapiga magoti, akachungulia kwa chini kama mtu aliyepoteza pete.

Akampigia Povu. "Kadibodi umeiweka wapi?"

"Sikuiweka. Yule mama alisimama mbele ya gari mwanzo mpaka mwisho, ananisimulia magoti yake yanavyouma. Nilikupigia, ukakata."

Kipimo akachomoa kijiti cha oili. Kilitoka na oili iliyoingia maji, rangi ya chai ya maziwa. Akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akawasha injini, maji yakaanza kutoa mapovu kama sufuria jikoni. Katika maisha yake yote ya kupima magari, hii ilikuwa mara ya kwanza kupatia, na alipatia kila neno.

Akapiga namba ya simu ambayo mama alikuwa ameiandika nyuma ya kadi.

"Mama, hili gari ni bovu."

Upande wa pili akasikia sauti ya mwanamume mwenye huzuni: gasketi ya kichwa cha injini imeungua, kichwa chenyewe kimepinda. Halafu kikohozi cha kitaalamu.

"Fundi wangu aliniambia hivyohivyo," mama akasema. "Nilikuwa sijapata mtu wa kulichukua. Una kipaji, mwanangu. Na hiki kigari, wala hakihemi."

Jumamosi gari kubwa la kijivu lilifika kwa wakwe kwa heshima zote, Povu akilisukuma kwa nyuma, amevaa nguo zake za kuendea harusini, bwana mposaji akiwa kwenye usukani na dumu mapajani. Baba wa mchumba akatoka getini, akalizunguka taratibu, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole.

"Nasikia wewe ni bingwa wa kupima," akasema. "Hili lina nini?"

Jibu alikuwa nalo, kamili na la kweli. Akamwangalia mchumba wake mlangoni, akalikumbatia dumu. "Kiu tu, mzee," akasema.